Injini Iliyochemka Thelujini

Soud alikuwa fundi pikipiki Barking, London, ana gereji yake chini ya daraja la reli, na kwa miaka yote aliyokaa pale alikwisha kuletewa kila maradhi ya pikipiki, isipokuwa pikipiki isiyo na magurudumu. Hiyo aliletewa na Rasik, Septemba ya mwaka 2008, ndani ya gari la kukodi, imefunikwa shuka la maua.

"Nini hii?" Soud aliuliza shuka lilipoondolewa.

"Pikipiki," alijibu Rasik.

Soud aliizunguka taratibu. Injini ilikuwa ya pikipiki kweli, ya yale mapikipiki marefu ya kushindania matopeni. Usukani wa pikipiki, tangi la pikipiki. Lakini mbele, pahala pa gurudumu, palifungwa ubao mpana wa plastiki uliokunjwa ncha, na nyuma palikuwa na mkanda mrefu wa mpira wenye meno, mfano wa mnyororo wa buldoza.

"Magurudumu yako wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya friji. Hii ni ya kwendea kwenye theluji. Vifaa nimeagiza Amerika kwa mtandao, nikafunga mwenyewe."

"Umefunga mwenyewe."

"Kwa maelekezo yao. Imekubali kila kitu ila kimoja. Inachemka."

Soud alimtazama aone kama anafanya mzaha. Rasik hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, aliyepima macho ya watu wa Edgware, kaskazini ya London, mpaka akastaafu na kutulia kwake Stanmore, na hata siku ya harusi yake, kwa mujibu wa mkewe Hansa, alicheka mara moja tu, tena kwa bahati mbaya. Soud alijuana naye kwa sababu ya miwani. Alikwenda dukani kupimwa, Rasik akamwonyesha herufi ukutani, Soud akazisoma, na Rasik akamuuliza kwa Kiswahili cha mjini Unguja hasa, "Wewe mtu wa Malindi au wa Ng'ambo?" Tokea siku hiyo Soud hakupimwa macho na mtu mwengine.

"Imechemkia wapi?" Soud aliuliza. "London hii theluji iko wapi?"

"Bustanini. Kwenye majani." Rasik alikohoa kidogo. "Hansa hasemi na mimi tokea Jumatano."

"Na unataka kwenda nayo wapi?"

"Kwa Tushar."

Habari za Tushar Soud alikuwa akizijua.

Tushar alikuwa mwana wao wa pekee. Alikwenda Norway, kule kaskazini kabisa ambako Desemba jua halichomozi, kufanya kazi ya kupima barafu ya baharini katika chuo kikuu, na huko akamwoa msichana aitwaye Marit, kwenye ofisi ya serikali, mchana wa siku ya kazi, bila kumwambia mtu. Wazee walipata habari kwa picha. Rasik alimpigia simu akamwambia sentensi moja, kwamba asijisumbue kuja London. Tushar alitii. Ulipopita mwaka Rasik akapiga tena, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia bima ya gari kwamba huenda wao wenyewe wakaenda kule wakati wa Krismasi. Tushar akajibu kuwa haitawezekana, maana kuanzia Novemba mpaka Aprili njia ya kwake hufungwa kwa theluji na gari haifiki. Majira ya joto yalipofika hakuna aliyeligusia jambo hilo. Baridi ikarudi, njia ikafungwa tena.

Mzee mwengine angekasirika, au angelia. Rasik aliagiza vifaa.

"Iache," alisema Soud. "Nitaitazama."

Kule Unguja alikojifunzia kazi, fundi akifungua injini yoyote inayochemka, kitu cha kwanza anachokitupa ni themostati. Ni kidude cha shaba, kidogo kama kizibo, kinachoyazuia maji yasipite kwenye rejeta, yanakopoozwa, mpaka injini ipate moto. Katika nchi ambayo injini hupata moto kabla hujaiwasha, kidude hicho huhesabiwa kuwa adui. Soud alikitoa, akakitia kwenye kopo la misumari, akajaza maji mapya na dawa ya kuzuia kuganda, akampigia Rasik simu kumwambia kazi imekwisha.

"Umeijaribu?"

"Nitaijaribia wapi, bwana? Hapa Barking?"

Ila alipokata simu alimkumbuka Muhsin. Muhsin alikuwa Mpemba, anafanya kazi katika uwanja mmoja wa ndani wa kutelezea barafu, mashariki ya London, na kazi yake ilikuwa kuendesha mashine inayoparua barafu iliyochimbika ili isawazike upya. Maparuzi hayo humwagwa nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, na hapo, jua liwake lisiwake, siku zote pana kilima cha theluji kinachompita mtu urefu.

"Njooni asubuhi kabla hatujafungua," alisema Muhsin. "Lakini mkimgonga mtu, mimi siwajui."

Walikwenda siku moja ya Oktoba. Jua lilikuwa kali na watu barabarani wamevaa fulana. Rasik alivaa helmeti, glavu za sufu alizofumiwa na mkewe, na koti refu alilokuwa akilivaa mazikoni. Muhsin alisimama kando na kikombe chake cha chai. Pikipiki iliwaka, ikakohoa, ikazimika. Ikawaka tena, ikakohoa. Bila ya themostati injini haikupata moto. Ilikuwa kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Mwisho ikashika. Rasik akaielekeza kilimani, mkanda ukang'ata theluji, na yule mzee akapanda juu amekaa wima kama yuko kitini dukani kwake. Akashuka upande wa pili, akazunguka mapipa, akapanda tena.

"Wallahi inakwenda," alisema Muhsin.

Ilikwenda raundi chache. Kisha mvuke ukatoka chini ya tangi, mwanzo mwembamba, halafu mwingi kama wa birika, na Rasik akasimama juu kabisa ya kilima amezungukwa na wingu.

"Inachemka," alitangaza kutoka huko juu.

Soud alipopanda kwenda kuitazama aliona kilichotokea. Rejeta mbili zilikuwa ubavuni, nyuma tu ya ule ubao wa mbele, na ubao ulizirushia theluji kila ulipokata njia. Theluji ya kwanza iliyeyuka juu ya mapezi ya moto, vile vibati vyembamba vya rejeta, iliyofuata ikagandia juu yake, na iliyofuata hiyo ikaziba kila kitundu, mpaka rejeta zikawa kama pua ya mtoto mwenye mafua. Upepo haukuwa na pa kupita. Na hata ungekuwa na pa kupita, upepo wenyewe uko wapi? Mkanda ule ulikuwa mzito, injini inavuta kwa nguvu zake zote na chombo kinakwenda mwendo wa bibi harusi.

"Umefanya nini hasa?" aliuliza Rasik, amevua helmeti.

"Nimetoa themostati."

"Na?"

"Na nitairudisha."

Wakati huo Soud alikuwa hajui bado la kufanya, lakini alikuwa amekwisha kukasirika, na kwake yeye hasira ndiyo mwanzo wa kazi. Kwa wiki nzima aliwatengenezea watu breki na klachi huku akili yake iko kwenye rejeta. Mkewe Afra, muuguzi, alimwona anakoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Rejeta inataka upepo," alimweleza. "Theluji inaunyima upepo. Sasa?"

"Sasa kunywa chai," alisema Afra.

Jibu lilimjia akiwa anaosha mikono. Kama theluji ndiyo inayoziba, basi theluji yenyewe ndiyo ifanye kazi. Chini ya kiti, juu ya mkanda, palikuwa na paa la bati ambalo mkanda ulilirushia theluji bila kukoma. Akipitisha hapo bomba pana la alumini, lenye maji ya injini ndani yake, kila theluji itakayorushwa itagonga bomba, itayeyuka, itaondoka na joto lake. Rejeta za mbele atazitilia ngao ya wavu zisizibwe. Alifurahi mpaka akasahau kufunga bomba la maji.

Ila palikuwa na jambo. Theluji laini hurushwa. Barafu ngumu hairushwi. Mkanda hupita juu yake kama kiatu juu ya saruji, na bomba likibaki kavu injini itachemka vilevile. Ilimbidi ajue.

"Theluji ya kwa Tushar ni ya namna gani?" alimuuliza Rasik kwenye simu.

"Nyeupe."

"Nauliza laini au ngumu. Na hapo njia inapofungwa, mpaka kwake, ni masafa gani? Pana mlima?"

"Sijui."

"Muulize."

"Muulize wewe," alisema Rasik, akaitaja nambari ya simu ya Tushar kwa moyo, ndefu vile ilivyo, bila kusita hata tarakimu moja.

Tushar alipokea Ijumaa jioni. Kiswahili alikuwa akikisikia vizuri, maana wazazi wake hukizungumza wakigombana, lakini hujibu kwa Kiingereza. Basi walizungumza hivyo, kila mmoja amebaki kwake. Soud alijitambulisha, akauliza hali, kisha akauliza kuhusu theluji: laini au ngumu, na kutoka pale njia inapofungwa mpaka nyumbani kuna umbali gani.

"Njia gani, Anko Soud?"

"Ya kwako. Inayofungwa."

"Kwa nini unauliza?"

"Namtengenezea baba yako pikipiki ya theluji aje nayo kwako. Inachemka. Bila kujua theluji yenyewe siwezi kujua bomba nilipitishe wapi."

Soud akaiondoa simu sikioni kuitazama kama bado inafanya kazi. Halafu Tushar akasema kwamba njia ya kwake haifungwi. Haijapata kufungwa. Theluji inapoanguka, magari ya manispaa huiondoa kabla watu hawajaamka. Mbele ya nyumba yake pana kituo cha basi.

"Basi linafika?"

"Kila nusu saa."

Soud alikaa juu ya tairi. Tushar akaendelea, haraka sasa, kama mtu anayetapika. Alisema baba yake alimwambia asijisumbue kuja, na kwa mwaka mzima neno hilo alilibeba kifuani. Kisha ghafla baba akasema anakuja yeye. Tushar akamwona akilini, vilevile alivyo, amekaa sebuleni mbele ya Marit, wiki nzima, na koti lake, hasemi neno. Akaogopa. Maneno ya njia kufungwa yalimtoka tu.

"Anko, sasa nifanye nini?"

Soud alifikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto, na yapo mambo waliyomwambia ambayo aliyakubali kwa sababu kuyakataa kungemchosha.

"Mimi hilo silijui," alisema. "Niambie theluji. Laini au ngumu?"

"Januari laini," alijibu Tushar kwa sauti ndogo. "Machi ngumu."

Usiku huo alimweleza Afra yote, akamuuliza amwambie Rasik au asimwambie. Afra alimtazama juu ya miwani yake.

"Wewe umepewa kazi ya rejeta," alisema. "Hukupewa kazi ya ukoo."

Kwa hivyo Soud alifanya kazi ya rejeta. Alikata alumini, akachomelea, ikavuja, akachomelea tena. Ijumaa ya pili simu ililia, na alikuwa Tushar. Amezungumza na jirani yake, mzee anayeendesha magari ya theluji tokea utotoni. Jirani kasema themostati isitolewe kabisa, na mtu aliyeitoa ni mwendawazimu.

"Msalimie," alisema Soud.

Jirani kasema pia kwamba kwa barafu ngumu, wao hufunga nyuma nyaya mbili za chuma zenye kujipinda kama springi, zikaburutwa chini, zikaikwaruza barafu na kuurusha unga wake juu. Bomba likapata cha kulipooza. Soud alizipenda nyaya hizo mara moja. Tushar alizituma kwa posta, zimefungwa ndani ya soksi.

Baada ya hapo ikawa ada. Kila Ijumaa Tushar alipiga, akauliza injini ikoje, joto limefika wapi, bado inachemka. Soud akamjibu. Halafu, katikati ya habari za maji na mipira, Tushar huuliza kama mwendeshaji ameijaribu karibuni, na kama alivaa vizuri, na kama goti lake la kushoto linamruhusu kusimama juu ya vikanyagio. Soud akajibu na hayo pia, kana kwamba goti nalo ni sehemu ya mfumo wa maji.

Rasik alikuwa akija Jumanne. Hukaa kwenye stuli, akashika tochi, akaangaza pasipostahili. Jumanne moja ya Januari, bomba limekwisha kufungwa na injini inanguruma wakingoja kuona kama panavuja, Soud alishindwa na mzigo wa siri ile.

"Bwana Rasik. Kwa Tushar kuna basi."

Rasik hakuondoa tochi.

"Najua," alisema. "Linapita kila nusu saa. Jumapili kila saa moja."

"Unajua!"

"Soud bwana, mimi nimestaafu. Nna kompyuta. Kituo chenyewe nimekiona kwa picha, kina paa la kioo. Nyumba yake ina mlango mwekundu."

"Tokea lini?"

"Tokea siku aliyoniambia."

Soud aliizima injini ili asikie vizuri. "Sasa kwa nini umenifanyisha kazi miezi minne?"

Rasik aliizima tochi, akaitia mfukoni, halafu akakumbuka si yake, akaitoa. "Nimwambie nini? Nimwambie, wewe mwongo, kuna basi? Mimi ndiye niliyemfungia njia mwanzo. Yeye kaniambia njia imefungwa, sawa, imefungwa. Mtoto wangu kasema gari haifiki, basi nitakwenda na kitu kinachofika. Nikishafika mlangoni atafanyaje? Hatanirudisha. Na hatoona haya, kwa sababu mimi nimemwamini." Alisimama, akajipangusa suruali. "Inavuja pale, upande wa kulia."

Na kweli ilikuwa inavuja.

Ijumaa iliyofuata Tushar alipouliza injini ikoje, Soud alimwambia haivuji, haichemki gerejini, inangoja theluji. Kisha akamwambia, "Baba yako anajua habari ya basi."

"Tokea lini?"

"Tokea mwanzo."

Simu ilikatika. Soud hakujua kama ni mtandao au ni mtu.

Mwisho wa mwezi redio zikatangaza kuwa theluji inakuja London, nyingi kuliko watu walivyozoea. Rasik alipiga mara tatu asubuhi moja. Jumapili Soud akaipakia pikipiki akaipeleka Stanmore, akiwa na nia ya kurudi jioni, lakini theluji ilianza kuanguka angali anakula mbaazi za nazi za Hansa, na Hansa akaificha funguo ya gari.

"Utalala chumba cha Tushar," alisema. "Sitaki maiti ya mtu kwa ajili ya hiyo pikipiki."

Jumatatu London ilikuwa imesimama. Mabasi yote yamelazwa, skuli zimefungwa, treni nyingi hazitembei, na kilichofanya hayo yote hakifiki goti. Juu ya mlima wa Stanmore uwanda ulikuwa mweupe, watoto wanateleza juu ya sinia na vifuniko vya mapipa. Soud na Rasik waliisukuma pikipiki mpaka huko. Hakuna aliyewauliza kitu. Siku kama hiyo watu hawaulizi.

Injini ilishika mara moja. Soud aliinama juu ya geji ya joto, akaona mshale unapanda taratibu mpaka themostati ikafungua, ukatulia katikati. Akampa Rasik ishara. Mzee akaondoka. Alikata uwanda moja kwa moja, akazunguka miti, akarudi kwa upande wa mteremko, injini ikivuta, theluji inaruka chini ya kiti na kutoka nyuma imegeuka maji. Alizunguka mara ya pili na ya tatu. Aliposimama mbele ya Soud, mshale ulikuwa palepale.

"Haichemki," alisema Rasik.

"Haichemki," alisema Soud, na ilimbidi ageuze uso, maana hakupenda kuonekana analilia rejeta.

Alipogeuka ndipo alipomwona mtu anapanda mlima kwa miguu. Watu wengine wote barabarani walikuwa wanakwenda kama waliobeba mayai. Huyu alitembea kama siku yoyote nyengine, mkoba mgongoni, mikono mifukoni. Aliifuata sauti ya injini mpaka kwenye uwanda, akatazama huku na huku, akaja moja kwa moja kwenye pikipiki.

Rasik aliinua kioo cha helmeti.

"Umekujaje?" alimuuliza mwanawe.

"Ndege jana," alijibu Tushar, na mara hii kwa Kiswahili, kibovu, kila neno analitafuta. "Leo treni mpaka Harrow. Halafu miguu."

"Mabasi hakuna."

"Hakuna."

Walitazamana. Soud alijishughulisha na kifungo cha glavu yake. Rasik alisogea mbele kidogo juu ya kiti, kile kiti chembamba cha mtu mmoja, akapiga kwa mkono nafasi iliyobaki nyuma yake.

"Panda," alisema.

Tushar alipanda. Wakaondoka wamebanana, wakaenda mpaka katikati ya uwanda, mbali na watoto, na pale pikipiki ikasimama. Soud alidhani imezimika. Haikuzimika, alikuwa akiisikia. Wale wawili walikuwa wamekaa juu yake, mmoja nyuma ya mwengine, hawaonani nyuso, na helmeti ya Rasik ilikuwa imeinama kidogo upande, kama anavyoinama mtu anayesikiliza. Baadaye mikono ya Rasik ikaanza kwenda, kwa hivyo sasa alikuwa anazungumza yeye.

Injini iliendelea kunguruma pale iliposimama. Mkanda hauzunguki, theluji hairuki, bomba limekauka, na rejeta za mbele hazipati hata pumzi ya upepo. Fundi hakuhitaji geji kujua mshale uko wapi. Uzi wa kwanza wa mvuke ulitoka chini ya tangi. Kazi ya miezi mitano ilikuwa inaungua mbele ya macho yake, na ingetosha kupiga ukelele mmoja tu, "Zima!"

Soud alitia mikono mifukoni. Mvuke ukawa mwingi, ukawafunika mpaka mabegani, na wale wawili hawakuona kitu; Tushar alikuwa ameweka paji la uso wake kwenye mgongo wa koti la baba yake. Kisha injini ikagonga mara mbili, ikanyamaza yenyewe.

Katika ule ukimya Rasik aliita, "Soud! Imechemka!"

"Naona!"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natazama geji!"

Geji ilikuwa juu ya pikipiki, chini ya pua ya Rasik. Rasik aliitazama geji, akamtazama Soud kwa mbali.

Waliisukuma nyumbani watatu. Hansa alikuwa mlangoni na koleo, anakwangua ngazi. Alimwona mumewe, akaona pikipiki, akasema, "Hicho chombo kisikanyage bustani yangu." Halafu akaona nani aliyeshika upande wa pili, koleo likaanguka, akashuka ngazi na ndara zake ndani ya theluji akamshika mwanawe masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto aliyekosa, akalia hivyohivyo bila kuyaachia.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imepinda na gasketi yake imeungua kabisa. Mwisho wa Machi Soud alikuwa nayo bado Barking. Ijumaa simu haikulia tena. Tushar sasa alikuwa akipiga Stanmore, na Soud alijikuta jioni za Ijumaa anaisogeza simu karibu na benchi bila sababu. Mwezi wa Aprili Rasik na Hansa wakaenda Norway, kwa ndege, kisha kwa basi. Rasik alipiga kutoka huko kusema wamefika, na kwamba dereva wa basi alimngoja Hansa mpaka amalize kuvaa glavu.

"Na pikipiki?" Soud aliuliza.

"Usiharakishe. Itengeneze vizuri."

Aliitengeneza vizuri. Aliongeza feni ndogo nyuma ya rejeta, yenye swichi ya joto, inayowaka yenyewe chombo kikisimama na kuzimika kikiondoka. Desemba pikipiki ikapakiwa kwenye lori la mizigo, ikafika kwa Tushar. Wiki ya mwanzo wa mwaka Rasik akapiga kutoka huko kutoa ripoti. Alikuwa amempakia Marit, wakaenda mpaka ukingoni mwa maji, wakasimama pale injini inanguruma, wakazungumza nusu saa nzima.

"Kwa lugha gani?" aliuliza Soud.

"Tulielewana," alisema Rasik. "Mshale haukutikisika."